Laini ya Mama Austine

Nafuna Shivachi alikataa chai. Si kwamba hakuitaka. Ilinukia tangawizi mpaka mlangoni. Aliikataa kwa sababu mtu akishaketi na kikombe cha wenyewe mkononi huanza kuwahurumia, na yeye alikuwa amekuja Kongo, kile kitongoji cha Kawangware, kuchunguza, si kuhurumia.

"Nionyeshe hizo barua," alisema.

Mwalimu Whitney Awiti alimsogezea karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni ndogo inayouza intaneti Kawangware na Kibera. Hifadhi ya mitihani ya shule yake ya Kibera, ile iliyoko mtandaoni, ilikuwa imenasa anwani ya laini iliyoifungua Jumamosi saa nne na dakika kumi na nne asubuhi na kunakili mtihani wa majaribio wa Gredi ya Tisa. Kampuni ilithibitisha kwamba anwani hiyo ilikuwa imepewa laini ya Whitney Awiti, ploti nambari sita, Kongo. Kufikia Jumapili jioni, maswali yalikuwa kwenye simu za wanafunzi nusu ya Kibera.

Karatasi ya pili ilikuwa barua ya kujiuzulu. Ilikuwa imeshachapwa, imebakiza sahihi tu.

"Karani wetu, Wanza, ndiye aliniletea jana. Alikuwa analia maskini," Whitney alisema. "Kamati inakaa leo saa nane. Nisipotia sahihi, wanapeleka jina langu juu nifutwe kwenye orodha ya walimu. Sitafundisha tena popote Kenya hii."

"Na utatia?"

Whitney aliinua kidevu. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini alipokiinua kile kidevu chumba kilionekana kidogo.

"Madam, mimi nimefundisha pale miaka kumi na moja. Nilifundisha kabla kuwe na madawati, watoto wakikalia mitungi. Sitii sahihi kitu sikufanya. Wanifute wenyewe."

Nafuna alimpenda papo hapo, akajikaripia kimoyomoyo na kurudi kazini.

"Neno la siri la hiyo hifadhi wanalijua nani?"

"Watu watano. Mwalimu mkuu, walimu watatu wa Gredi ya Tisa, mimi nikiwa mmoja, na karani aliyechapa. Tunatumia moja sote."

"Kwa hivyo kitu pekee kinachokushika wewe ni laini."

"Laini tu."

"Basi wacha tuiulize laini."

Nafuna alisogea kwenye kona, chini ya picha ya harusi, mahali ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilipotundikwa kwa msumari. Kabla ya kuwa mpelelezi wa kukodiwa alikuwa amepanda nguzo miaka tisa, akivuta nyaya na kufunga ruta kutoka Riruta mpaka Kibera, wakati ambapo wateja wakimwona na mkanda wa zana kiunoni waliuliza fundi mwenyewe atakuja saa ngapi. Alijivunia miaka hiyo kuliko cheti chochote, na hakuona haya kusema.

Aliitungua ruta bila kuizima, akaipindua, akasoma kibandiko cha chini. Akachomeka waya kutoka kwa ruta hadi kwenye kompyuta yake, akaandika zile nambari za kibandiko pale juu anwani inapoandikwa. Ukurasa ukafunguka, ukadai jina na neno la kuingilia. Aliandika yale yale ya kiwandani. Mlango ukafunguka bila ubishi.

"Hili neno hamkubadilisha?"

"Kwani linabadilishwa?"

Nafuna alisonya. "Fundi wako alikuwa avunjwe vidole. Hebu, hizi simu zilizoingia waifai yako ni za nani?"

Orodha ilikuwa na vifaa vitatu: simu ya Whitney, kompyuta ya Whitney, na simu nyingine iliyojiita Billy.

"Huyo ni jirani," Whitney alisema haraka. "Ni kijana mzuri."

"Wote ni wazuri mpaka uulize. Muite."

Billy alikuja na kandambili, headphone zikining'inia shingoni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kazi yake kusikiliza mazungumzo ya wazungu na kuyaandika neno kwa neno, na wazungu wakimtumia kazi kwa saa wanazotaka wao. Alimtazama Nafuna, akaitazama ruta iliyopinduliwa tumbo juu, akajua mambo ni moto.

"Niaje auntie."

"Poa. Jumamosi saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hiyo Saturday hata usinikumbushe! Nilikuwa hapo kwa keja yangu nikilia."

"Ukilia nini?"

"Net! Ilipotea manze. Stima ilizima kidogo, ikarudi, lakini net haikurudi. Nilikuwa na job ya kupeleka saa tano. Sikupeleka. Walinitoa kwa list." Alimgeukia Whitney. "Si nilikuja kukugongea mara tatu, Mama Austine? Ukaniambia umepigia fundi simu?"

"Ni kweli," Whitney alisema.

"Ilirudi saa ngapi?"

"Saa sita imepita. Niliona meseji zikiingia zote pamoja."

Nafuna alimkazia macho. Alikuwa amewahi kudanganywa na mabingwa, na huyu hakuwa bingwa. Hasira yake ilikuwa bado mbichi. Lakini hasira si ushahidi. Alirudi kwenye kompyuta, akatafuta sehemu ambayo mafundi wengi hawajawahi kuifungua tangu wazaliwe, pale ruta inapojiandikia yenyewe kila jambo linaloipata. Kwanza alilinganisha saa ya ruta na saa ya simu yake. Zilikuwa sawa. Kisha akateremka polepole hadi Jumamosi.

Saa tatu na dakika arobaini na moja: ruta imewaka. Saa tatu na arobaini na mbili: imejitambulisha kwa kampuni, imekataliwa. Tena, imekataliwa. Tena. Mistari ile ilikuwa mia moja na zaidi. Saa sita na dakika saba: imekubaliwa.

"Wee!" Nafuna alisema.

"Nini?" Whitney na Billy waliuliza pamoja.

"Mwalimu, wanasema mtihani uliibwa kwa laini yako saa nne na dakika kumi na nne. Saa nne na dakika kumi na nne nyumba hii haikuwa na intaneti hata ya kutuma salamu."

Whitney alishika meza. "Basi nimepona!"

"Hujapona. Kamati itasema haya nimeyaandika mwenyewe. Keti nikueleze."

Aliwaeleza kwa ufupi. Kampuni humpa kila mteja jina lake na neno lake la siri. Fundi huyaandika ndani ya ruta siku ya kwanza, na tangu hapo kila ikiwaka, ruta hujitaja kwa kampuni jinsi mgeni anavyojitaja getini. Kampuni haiangalii sura wala mtaa. Inaangalia jina. Na jina moja haliingii mara mbili.

"Soma hapa," alisema, akimwonyesha Billy. "Sababu ya kukataliwa."

Billy alisoma, midomo ikicheza. "Inasema hilo jina liko ndani tayari."

"Mwalimu, kuna ruta nyingine mahali fulani iliyoingia kwa jina lako asubuhi hiyo. Stima ilipozima hapa, yako ilitoka, hiyo nyingine ikapita. Yako kurudi, ikapata kiti kimekaliwa. Nani analijua jina lako na neno lake?"

"Hata mimi silijui! Ni fundi. Fundi Jeconia wa Riruta. Ni yeye alikuja kutengeneza Jumamosi mchana."

"Alisema ilikuwa nini?"

"Alisema paka walikata waya huko juu ya mabati, na ameunga."

Nafuna hakungoja zaidi. Alitoka nje na stuli, akapanda, akaushika waya mahali ulipoingilia dirishani. Aliufuata kwa vidole juu ya mabati, akasogeza stuli, akaufuata tena mpaka nguzoni, majirani wakitoka kumtazama mama mzima akitembeza mkono juu ya paa. Ulikuwa waya mmoja, mzima, una vumbi la mwaka mzima. Hakukuwa na kiungo wala gundi.

Alishuka akijipangusa mikono.

"Paka wa Kongo hawana hatia," alisema. "Mwalimu, nipe hiyo ruta yako, na wewe tangulia Kibera. Usitie sahihi chochote mpaka unione. Na huyu fundi, ni nani mwingine unajua anafanyia kazi?"

"Wengi. Namba yake nilimpa kila mtu pale shuleni. Alikuwa anafanya kazi safi."

Jeconia Ogola alikuwa na kibanda Riruta, karibu na wauza viazi, na ngazi ya chuma iliyopakwa jina lake kwa rangi nyekundu ili asiyejua kusoma aulize. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Nafuna alisimama kwanza akitazama nyaya alizozipanga ukutani, zimekunjwa sawasawa na kufungwa kwa uzi. Moyo wake ukaridhika. Kazi nzuri ni kazi nzuri hata kama mwenyewe ni mwongo.

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye baba yao," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Kila nyumba."

Jeconia alitabasamu, akampangusia kiti. "Nyumba mia tatu na kumi na mbili, nyathina, mwanangu. Kutoka hapa mpaka Kibera. Sijawahi kurudishwa hata moja. Hawa vijana wa siku hizi anafunga leo, kesho anaitwa. Mimi nikifunga, nimefunga."

"Mbona Jumamosi ulirudi kwa Mama Austine, Kongo?"

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliondoka. "Hiyo si kurudishwa. Ni paka. Walikata waya."

"Huo waya nimeushika wote, kutoka nguzo mpaka dirisha. Hauna kiungo."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi mwenzako, zamani. Nguzo ya pale kanisani mwenye kuipanda kwanza ni mimi."

Mzee alimtazama viatu, akamtazama mikono. Kovu la waya kwenye kidole gumba lilimtosha. Akaacha kubishana.

"Nipe daftari lako la wateja, mzee wangu."

"Hilo ni siri ya kazi."

"Kuna mwalimu anafukuzwa leo saa nane kwa sababu ya jina lililo ndani ya hilo daftari. Nipe."

Lilikuwa daftari la shule lenye jalada gumu, limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Mama Derrick, Satellite. Baba Valary, Riruta. Mama Nasike, Kibera. Kila mmoja na jina la laini na neno la siri pembeni. Nafuna alifungua ukurasa baada ya ukurasa mpaka akafikia aliloliogopa. Upande wa kushoto: Mama Austine, Kongo. Upande wa kulia, kurasa zikitazamana: Mama Austine, Kibera, Lindi.

"Huyu wa pili anaitwa nani?"

"Si umesoma? Mama Austine."

"Jina lake, mzee."

"Ndilo hilo! Sasa mimi niingie kwa nyumba ya watu nianze kuuliza jina la kitambulisho, si watadhani nimetumwa na chifu? Mtu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Nikimwita hivyo anafurahi, ananiletea maji ya kunywa."

Nafuna angemcheka siku nyingine. Yeye pia, miaka tisa, aliandika hivyo hivyo.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa kwa nani?"

Mzee alichukua kalamu moja mfukoni, akairudisha. Nje, muuza viazi alikuwa akibishana na mteja, nao wakamsikiliza mpaka akamaliza.

"Kwa huyo wa Lindi," Jeconia alisema hatimaye. "Ruta yake ilikuwa mpya. Niliandika jina na neno, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Nusu saa nzima, mama wa watu amesimama nyuma yangu. Halafu yenyewe tu, karibu saa nne kasorobo, ikakubali. Nikajua mkono wangu umeishinda."

"Haikushindwa na mkono. Stima ilizima Kongo."

"Nilijua baadaye. Huyu wa Kongo aliponipigia simu, nikafungua daftari, nikaona nimetazama upande usio wangu. Nikarudi Lindi mbio saa sita, nikabadilisha. Nikasema ni paka." Alishusha sauti. "Haikuwa na hasara kwa mtu. Masaa mawili tu."

Nafuna alimweleza hasara. Alimweleza mtihani, barua, miaka kumi na moja, saa nane. Alimwona mzee akizeeka zaidi kwenye kile kiti.

"Njoo uwaambie," alisema.

"Siwezi."

"Mzee!"

"Siwezi, nyathina. Mimi sina pensheni, sina shamba la maana. Nina jina. Nikisimama mbele ya watu wa Kibera niseme nilifunga laini ya mtu kwa nyumba ya mtu, kesho nani ataniita? Watoto watanionyesha kidole njiani."

Angemtisha, angetaja polisi. Lakini Nafuna aliwajua mafundi. Fundi ukimtisha anafunga mdomo, na ukimpa kazi hawezi kukataa.

"Basi usikiri. Njoo uwaonyeshe tu ruta inavyofungwa. Wale ni walimu, hawajui lolote. Nikiwaeleza mimi watasema huyu mwanamke ametumwa. Wakiona mkono wako wataamini."

Jeconia alifikiri. Akatazama zana zake zilizopangwa.

"Kuonyesha nitaonyesha," alisema. "Kukiri, sikiri."

"Sawa kabisa."

Walipanda pikipiki moja, Nafuna mbele na mzee nyuma amekumbatia mfuko wenye ruta mbili na kigawanyio cha nyaya.

Kamati ilikuwa imeketi katika darasa la Gredi ya Tisa, wanafunzi wakiwa wamehamishiwa darasa la jirani. Mwalimu mkuu, Bwana Mukhwana, alikuwa katikati, wazazi wanne kandokando. Mwisho wa meza aliketi karani, mwanamke mwembamba aliyevaa kitambaa cha kijani, na kitabu cha kumbukumbu mbele yake. Whitney alikuwa peke yake upande wa pili, barua ya kujiuzulu mbele yake na kalamu juu ya barua. Hakuwa ameigusa.

"Huyu ni fundi," Nafuna alisema. "Naomba robo saa."

Jeconia aliingia, akavua kofia. Aliangaza macho chumbani, akafurahi kuona mtu anayemjua.

"Mama Austine, habari ya net?"

"Nzuri," alijibu Whitney.

"Nzuri," alijibu karani, wakati ule ule.

Karani alijing'ata mdomo, akainamia kitabu chake na kuandika upesi. Mzee alikuwa amegeuka kumsalimu mwenyekiti, hakuona. Nafuna aliona. Wanza, aliyeleta barua akilia. Na kwa sababu alikuwa mzuri katika kazi yake, hakumtazama tena.

"Endelea, fundi," alisema.

Na mzee aliendelea! Alikunja mikono ya shati mara mbili, akachomoa waya wa shule, akauingiza kwenye kigawanyio, akaweka ruta mbili sambamba juu ya meza ya kamati. Alieleza kila hatua kwa sauti ya mtu anayehubiri: huu ni waya unaotoka kwa kampuni, unaingia tundu hili lenye rangi tofauti, si haya mengine manne; hapa unafungua ukurasa wa ruta; hapa unachagua namna ya kuunganishwa; hapa unaandika jina la mteja, na hapa neno la siri, na herufi kubwa si sawa na ndogo. Wazazi walisimama waone vizuri. Mukhwana alivaa miwani.

"Sasa hii ya kwanza nimeipa jina la laini ya Mwalimu Whitney," Jeconia alisema. Taa ya mwisho ikawaka kijani. "Imekubaliwa."

"Ipe na ya pili jina hilo hilo," Nafuna alisema.

Mkono wa mzee ulisita, kisha ukaandika. Taa ikawaka nyekundu. Wakangoja. Nyekundu.

"Imekataa," alisema mzazi mmoja.

"Lazima ikatae. Jina liko ndani," Jeconia alisema, sasa kwa sauti ndogo.

"Zima ya kwanza. Tuseme stima imepotea Kongo."

Aliizima. Sekunde chache zikapita, na ruta ya pili ikawaka kijani bila mtu kuigusa. Nafuna akaiwasha tena ile ya kwanza. Nyekundu.

"Bwana Mukhwana, soma anwani iliyo kwenye barua ya kampuni. Halafu soma hii ruta ya pili imepewa anwani gani."

Mwalimu mkuu alisoma barua, akasoma kompyuta. Alisoma mara mbili, akiweka kidole kwenye kila nambari.

"Ni ile ile," alisema. "Lakini ruta hii ni ya nani?"

"Ni ya kibanda cha Riruta. Haijawahi kufika Kongo tangu itoke dukani. Mheshimiwa, anwani inafuata jina, haifuati nyumba. Na hapa kuna kumbukumbu za ruta ya mwalimu, nilizozinakili asubuhi. Saa ya wizi ilikuwa inagonga mlango na kukataliwa, mtu mwingine akiwa ndani kwa jina lake."

Chumba kililipuka kwa maneno. Mukhwana alipiga meza.

"Nimeona inawezekana. Sijaona kwamba ilitokea. Nani aliweka jina la mwalimu kwa ruta nyingine? Jumamosi? Wapi? Bila mtu wa kusema hivyo, mimi nina barua ya kampuni, na barua inasema Whitney." Alisukuma kalamu kidogo kuelekea kwa mwalimu. "Samahani."

Nafuna hakumtazama Jeconia. Angemtazama, mzee angejiona amelazimishwa. Alizitazama ruta tu. Watoto wadogo wa darasa la mbali walisikika wakihesabu pamoja.

Whitney hakuichukua kalamu. Alikaa amenyooka, mikono magotini.

"Fundi," alisema kwa upole, "asante kwa kuja. Kazi yako ni safi, siku zote nimesema."

Mzee alikohoa. Akaikunjua mikono ya shati, akafunga vifungo, akavaa kofia na kuivua tena.

"Si safi," alisema. "Mwenyekiti, niandike. Jumamosi asubuhi nilifunga ruta huku Lindi na nikatazama upande mbaya wa daftari. Nilimpa mwingine jina la mwalimu. Saa sita nikarekebisha, nikamdanganya mwalimu kwamba ni paka. Mimi nimefunga nyumba mia tatu na kumi na mbili, na mia tatu na kumi na moja hazina kosa. Hiyo moja ni yangu. Si ya huyu mama."

"Huko Lindi ni kwa nani?" Mukhwana aliuliza.

Jeconia alishangaa swali. "Kwa Mama Austine," alisema, akanyoosha mkono mwisho wa meza. "Huyu anayeandika."

Wanza hakuwa akiandika tena. Whitney alimgeukia polepole. Watoto wao wawili, majina sawa, darasa moja, walikuwa wamecheza pamoja tangu chekechea.

"Wanza?"

"Nilitaka Austine wangu aone Hisabati tu," karani alisema, na sasa machozi yalikuwa ya kweli. "Anaanguka Hisabati, Whitney, unajua vile anaanguka. Nilimwonyesha kwa simu, nikaenda kufua. Kurudi, ameshawatumia wenzake. Halafu barua ikaja na jina lako, hata mimi sikuelewa. Nilidhani ni Mungu amenificha."

"Na ukanichapia barua ya kujiuzulu."

"Niliichapa."

 Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Nafuna alidhani Whitney ataanguka, au atampiga karani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyoosha mkono juu ya meza, akakivuta kwake kile kitabu cha kumbukumbu, akakifungua jani jipya.

"Mwalimu, mtu mwingine anaweza kuandika," Mukhwana alisema, sauti yake imepungua kimo.

"Nitaandika mimi. Wengine mnakosea Kiswahili." Aliandika kwa haraka na kwa unadhifu, kalamu ikikwaruza. "Fundi, jina lako kamili?"

"Jeconia Ogola Osewe."

"Nimeweka 'Fundi' mbele."

Mzee aliinamisha kichwa, akakiinua tena juu kuliko kilivyokuwa.

Whitney alisoma yote, mstari kwa mstari, pamoja na ule unaosema kwamba kamati imemwona Mwalimu Whitney Awiti hana hatia, na kwamba itatamka hivyo getini mbele ya wazazi, leo, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Aliwazungushia kitabu. Wazazi walitia sahihi. Mukhwana alitia sahihi ya mwisho, akaanza kuomba radhi, lakini Whitney alikuwa ameshatazama saa ya ukutani.

"Saa nane na nusu. Hiki ni kipindi changu," alisema. "Naomba mnitolee hizi ruta kwenye darasa langu."

Walizibeba wenyewe, mwalimu mkuu akikumbatia nyaya. Nafuna alibaki barazani na Jeconia, mgongo ukimuuma kwa ile stuli ya asubuhi, na alikuwa na fahari tele, ya mwalimu, ya mzee, na, tusidanganyane, ya nafsi yake. Kupitia dirishani aliwaona Gredi ya Tisa wakirudi mmoja mmoja. Kuta za mabati hazifichi neno. Walikuwa wamesikia kila kitu. Wawili walioitwa Austine waliingia mwisho, mmoja ameshika mkono wa mwenzake aliyekuwa akilia.

Walisimama wote arobaini na mbili nyuma ya madawati yao.

"Ketini," Mwalimu Whitney alisema.

Hawakuketi.